Yaya, jirani yangu, tumesikia kwamba ulisoma vitabu vya Game of Thrones!

Huku Kadutu, mjini Bukavu, umeme ukirudi usiku, tunajazana sebuleni kwangu kutazama mfululizo wa Game of Thrones kwenye kompyuta. Jirani mmoja, aliyesoma vile vitabu kwa Kifaransa, hafungi kinywa. Mhusika Ned Stark hajakatwa hata kichwa, jirani ameshamzika! "Kitabuni si hivyo," halafu anasimamisha picha kwa kidole chenye mafuta ya sambaza. Kwenye kibodi yangu! Na chaji imebaki asilimia 12.

Yaya, kitabu cha 5 kilitoka 2011. Mfululizo ulipoisha 2019, cha 6 kilikuwa hakijatoka. Sasa ule mwisho unaulinganisha na kitabu kipi? Nilipomuuliza hivyo alinyamaza, dakika mbili hivi. Kisha akaanza kuwalalamikia mazimwi.