Maskini wa Parokia Gani?

Zikitajwa shida za maskini wa Uingereza ya zamani, lawama zote hutupiwa zama za Malkia Victoria na zile nyumba za kazi, walikowekwa maskini wafanye kazi ili wapate chakula na malazi. Sikatai, zinastahili. Lakini Victoria alirithi kiti cha ufalme mwaka 1837, na nchi ile ilikwisha kuishi na sheria ya maskini kwa zaidi ya karne mbili. Kwa maoni yangu, sheria hiyo kongwe ilikuwa na wema mkubwa, na kasoro moja iliyouharibu wema wenyewe.

Sheria ya 1601, ya miaka ya mwisho ya Elizabeth wa Kwanza, ilizibebesha parokia, yaani maeneo ya kanisa yaliyofanya pia kazi ya serikali ya mtaa, maskini wao. Waangalizi wa maskini wa kila parokia walikusanya kodi kwa wenye mali, wakampa mjane mkate na kuni, wakampeleka yatima kwa fundi akajifunze kazi. Haikuwa hisani. Asiyelipa kodi aliweza kukamatiwa mali yake.

Kasoro ilikuwa kwenye mfuko. Uingereza na Wales zilikuwa na parokia na vitongoji karibu 15,000, na kila kimoja kilijilipia chenyewe. Mwangalizi mara nyingi alikuwa mwenye shamba au mwenye duka, anashika kazi hiyo mwaka mmoja bila mshahara, huku majirani zake walipa kodi wakimkodolea macho. Kwa mtu wa namna hiyo, mgeni mwenye nguo chakavu alikuwa deni linalotembea.

Ndipo ikaja sheria ya 1662 ya ukaazi, yaani haki ya mtu kuhesabiwa wa parokia fulani na kusaidiwa nayo. Mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka aliweza kushtakiwa ndani ya siku 40 tangu afike, na mahakimu wawili wakaamuru arudishwe kwao. Si lazima awe ameomba hata peni; ilitosha kudhaniwa kwamba huenda ataomba. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walimfukuza mtu na jembe lake begani! Hadi 1795 ndipo sheria ilipokubali kwamba asiyeomba msaada asihamishwe, na hata hapo mjamzito asiyeolewa hakupewa kinga hiyo.

Huyo ndiye aliyeumia kuliko wote. Kwa muda mrefu mtoto wa nje ya ndoa alikuwa wa parokia alikozaliwa, basi waangalizi walimsukuma mama avuke mpaka kabla uchungu haujamshika. Kijana asiyeoa naye alipata ukaazi akiajiriwa mwaka mzima mahali pamoja. Wenye mashamba wakaijua hesabu hiyo, wengine wakaajiri kwa wiki 51. Parokia zilishtakiana mahakamani kugombania nani asiwe na maskini fulani, na ada za mawakili zikatoka kwenye kodi ileile ya maskini.

Sheria ya 1697 ikaongeza aibu: anayepokea msaada avae begani herufi P, ya neno pauper, yaani fukara, pamoja na herufi ya kwanza ya parokia yake. Ilifutwa 1810.

Wanaotetea mageuzi ya 1834, yaliyoibadili sheria hiyo kongwe, husema tatizo lilikuwa ukarimu. Hutaja Speenhamland, mahali katika jimbo la Berkshire, ambako mahakimu wa jimbo hilo mwaka 1795 waliamua kumwongezea kibarua kipato kwa kufuata bei ya mkate, na eti watu wakawa wavivu. Sikubaliani nao. Mkate ulikuwa umepanda, ujira haukupanda, na aliyenufaika ni mwajiri aliyelipa kidogo akijua parokia itajazia.

Mageuzi yenyewe hayakugusa kidonda. Parokia ziliunganishwa, nyumba za kazi zikajengwa, lakini kila parokia iliendelea kulipia maskini wake peke yake. Mpaka 1865 ndipo gharama zilipohamishiwa kwenye mfuko wa muungano mzima. Kabla ya hapo, wenye ardhi katika baadhi ya vijiji walikuwa wakibomoa vibanda vya vibarua wao, ili watu hao waje shambani kufanya kazi asubuhi na wakazeekee parokia ya jirani.