Zhuozheng Yuan: Je, Bustani Iliyojengwa Upya ni Bandia?

Mgeni anayeingia Zhuozheng Yuan, bustani mashuhuri ya mji wa Suzhou nchini China, huambiwa kwamba anakanyaga mahali penye umri wa miaka mia tano. Maelezo hayo si ya uongo, kwani ni Wang Xianchen, afisa wa enzi ya Ming aliyeacha utumishi wa serikali na kurudi kwao, aliyeanza kuitengeneza mwanzoni mwa karne ya 16. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kumbi, madaraja na vijia vyenye paa anavyovipiga picha mgeni huyo ni kazi ya karne ya 19 na ya 20, na ndiyo maana wapo wanaodai kwamba anauziwa ukale usiokuwepo.

Ushahidi wa wenye shaka si mdogo. Mwaka 1533 msanii Wen Zhengming, aliyekuwa rafiki wa Wang, alichora picha 31 za bustani hiyo na kuziandikia mashairi. Humo tunaona maji mapana, miti, nyua za mianzi na mabaraza machache ya kawaida. Kuna hata shamba la miti ya matunda. Jina lenyewe lilitokana na maneno ya Pan Yue, mshairi wa enzi ya Jin, kwamba kumwagilia bustani na kuuza mboga ndiko kutawala kwa mtu asiye na werevu wa siasa. Leo hapauzwi mboga, na majengo yamesongamana kuliko Wen alivyoyaona. Katikati ya nyakati hizo mbili ardhi iligawanywa: mwaka 1631 Wang Xinyi aliichukua sehemu ya mashariki, mwaka 1860 Li Xiucheng, jemadari wa waasi wa Taiping, akaigeuza bustani kuwa makazi yake, na mwaka 1877 sehemu ya magharibi ikawa mali ya Zhang Lüqian aliyeijenga alivyopenda. Ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1952 ilikuwa imekwisha kukarabatiwa, na upande wa mashariki, uliokuwa gofu, ulitengenezwa karibu upya katika miaka iliyofuata. Anayeuliza ni kipi basi kilichobaki cha Wang Xianchen, anauliza swali la haki.

Tatizo ni kwamba swali hilo linaipima bustani kwa kipimo cha ngome ya mawe. Suzhou ni mji wa unyevu; nguzo za mbao huoza, miti huzeeka, vidimbwi hujaa tope. Bustani isiyofanyiwa kazi kwa kizazi kimoja tu haibaki ya kale, bali inakuwa kichaka. Mabwana waliozijenga walilijua hilo tangu mwanzo. Ji Cheng, aliyeandika kitabu cha Yuanye kuhusu utengenezaji wa bustani katika miaka ya 1630, alikumbusha methali kwamba katika ujenzi mafundi wana sehemu tatu tu katika kumi, na saba zilizobaki ni za yule mwenye kupanga. Kwake yeye, kazi ilikuwa katika mpango: maji yatakutana wapi na ukuta, jicho lizuiwe wapi ili baadaye lifunguliwe, na kitu gani kiazimwe kutoka nje, yaani kilicho nje ya ukuta kionekane kana kwamba kimo ndani.

Tuchukue mfano mmoja, baraza liitwalo Tingyu Xuan, maana yake ni mahali pa kusikilizia mvua. Mbele yake pana kidimbwi chenye myungiyungi, na kando yake imepandwa mianzi na migomba. Migomba hiyo ni ya jamii moja na yetu, lakini haikupandwa kwa ajili ya mkungu. Ilipandwa kwa ajili ya jani. Tone la mvua likianguka juu ya jani pana la mgomba hutoa mlio mzito. Juu ya yungiyungi mlio ni mwingine, na juu ya mwanzi ni mwembamba zaidi. Aliyeketi ndani husikia vyote kwa pamoja bila kulowa. Upande wa magharibi lipo jengo jingine, Liuting Ge, ambalo jina lake limetokana na shairi la Li Shangyin wa enzi ya Tang kuhusu kuyaacha majani makavu ya myungiyungi ili mvua isikike juu yake. Hakuna mgomba uishio miaka mia tano. Kila jani linalolia leo ni la juzi, na bado kinachosikika ndicho mpangaji alichokikusudia.

Linganisha na ua wa Kichina ulio ndani ya Metropolitan Museum of Art, New York, uliofunguliwa mwaka 1981. Mafundi 27 walitoka Suzhou kuujenga kwa kufuata ua mmoja wa Wangshi Yuan, bustani nyingine ya mji huo, kwa mbinu za kwao na kwa ustadi usio na dosari. Ni kazi nzuri, nami naiheshimu. Lakini uko chini ya paa la kioo, na mvua haifiki. Kama uhalisi ungekuwa katika mikono ya mafundi na vifaa peke yake, ua huo usingepungukiwa na kitu.

Katika jambo moja wenye shaka wanastahili kusikilizwa kikamilifu: vibao vya maelezo viseme wazi jengo lipi ni la mwaka gani, na shamba la matunda lililopotea litajwe, kwa sababu mgeni ana haki ya kujua. Ninachosikitikia ni kwamba mjadala wa umri wa mbao unatuondolea macho kwenye hatari kubwa zaidi. Ukisimama upande wa mashariki wa bwawa la kati na kutazama magharibi, unaona juu ya miti mnara wa hekalu la Beisi, wenye ghorofa tisa na urefu wa zaidi ya mita 70, kana kwamba umejengwa ndani ya bustani. Uko nje, zaidi ya kilomita moja. Bustani iliuazima, na haina mamlaka juu yake wala juu ya anga iliyo kati yao. Nguzo iliyooza hubadilishwa kwa wiki chache, lakini jengo refu likisimamishwa katika mstari huo, hakuna seremala wa Suzhou atakayeweza kulikarabati pengo hilo.