Ulimbo wa Mfuko wa Nyuma

Wapigaji wa dabo besi, ile fidla kubwa ya kupigwa kwa kusimama, hapa Nakuru tunahesabika, kwa hivyo ushauri kuhusu rozini, ule ulimbo wa kusugua upinde, hatuuchagui, tunauokota. Wa kwanza niliuokota kwa mpiga fidla. "Rozini ni rozini," akasema, akanimegea yake. Nikasugua upinde, nikauvuta juu ya uzi wa E, ule mnene kuliko zote. Ukakoroma kama babu aliyeamshwa kabla ya wakati, ukanyamaza. Rozini ya fidla ni ngumu na kavu. Uzi wa besi haushtuki kwa vumbi, unataka kung'ang'aniwa.

Nikaja kujaribu mbili za besi. Carlsson ya Uswidi ina ugumu wa kiasi, Pops ya Marekani ni laini, inanata kama mtu anayekudai. Zote asili yake ni utomvu wa msonobari. Baridi ya Nakuru mwezi wa saba ikaniamulia: laini. Siku hiyo E ilinguruma hadi sufuria za jirani zikaitikia.

Nikaalikwa harusi Kisumu. Besi ikafungwa juu ya matatu, rozini na kopo lake nikaitia mfuko wa nyuma isije ikapotea. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni 1,130, na huko chini ndiko kwenye joto. Hesabu hiyo naijua leo. Kericho bado nilikuwa nimekalia jiwe. Ahero nikahisi ujoto mahali pasipostahili.

"Omera, shuka, tumefika!" makanga akaita. Nikainuka. Kitambaa cha kiti nacho kikainuka, kikavutika kwa nyuzi ndefu za rangi ya asali, kikaniachia kwa mlio wa kraaa. Mama aliyepakata kuku akatazama lile doa, akageuza uso kwa heshima.

"Pole, baba. Safari ni ndefu."

Nikafunga koti kiunoni, nikapanda jukwaani. Wimbo wa tatu, upinde ukaanza kuteleza. Kopo la rozini tupu. Nifanyeje? Nikafungua koti, nikawapa wageni mgongo, nikasugua upinde kwenye makalio ya suruali, taratibu, kuelekea upande mmoja tu kama inavyotakiwa. E ikanguruma. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, wakidhani ndiyo staili ya Nakuru, na bwana harusi akanibandika noti ya mia mbili pale pale. Haikuhitaji pini.

Baadaye mzee mmoja mpiga orutu, fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, akanivuta kando, macho kwenye suruali.

"Kijana, ulimbo huu unauza?"