Namba 4,294,967,297 ifundishwe darasani

Laiti ningepewa nafasi ya kuingiza namba moja tu kubwa katika masomo ya hisabati ya sekondari, ningeingiza 4,294,967,297.

Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyeipenda mno hisabati, alichukua 2, akaipa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, na kila mara akaongeza 1. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa. Mnamo 1640 alikuwa akiwaandikia wenzake kwamba anaamini mfululizo huo utatoa namba tasa daima, ingawa uthibitisho hana. Ya sita ni 2³² + 1, yaani hii ninayoitetea. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Wanafunzi wengi huzoeshwa kujaribu mifano mitatu minne, kuona mpangilio, kisha kuandika kanuni. Hapa mifano mitano imekubali yote, akili kubwa kama ya Fermat imeridhika, na bado kanuni ni ya uongo. Sijui mfano mwingine unaoeleza vizuri hivi kwa nini tunadai uthibitisho.

Wala Euler hakuhitaji kubahatisha. Baadaye alieleza kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za aina hiyo huanza 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano tu!

Uzuri wenyewe, kwangu mimi, uko ndani ya 641. Ni 5 × 128 + 1, na papo hapo ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Tazama: 5 × 2⁷ ni 640, hivyo ukiigawa kwa 641 baki ni sawa na −1. Ipe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Lakini 5⁴ ni 641 − 16, kwa hiyo mahali pake unaweza kuweka −16, ambayo ni −2⁴. Sasa −2³² inabakiza 1. Basi 2³² + 1 haibakizi kitu. Hukugawanya namba ya tarakimu kumi hata mara moja.

Kikokotoo kitatoa jibu hilo kwa sekunde, ila hakitasema kwa nini. Tena kuna mahali mashine zetu zimekwama: 2 kwa kipeo cha 1,048,576, ukiongeza 1, ni namba ya tarakimu 315,653 katika mfululizo huohuo. Imethibitishwa kuwa si tasa, na bado hakuna kigawo chake tasa hata kimoja kinachojulikana. Mwanafunzi aliyeielewa hoja ya 641 anaweza kuambiwa jambo hilo akiwa bado kidato cha pili, na akaelewa kinachotafutwa.