Folda tupu si ushahidi

"Sisi tumeshatuma." Sijui nimeisikia kauli hiyo mara ngapi kwenye simu kati ya Kampala na Mombasa. Anayeisema kachungulia folda ya mafaili yanayotoka, kaikuta tupu, basi moyo wake umetulia. Lakini folda tupu inathibitisha kwamba faili limeondoka hapo. Kama limefika, na kama limefika zima, hilo ni suala jingine.

Waagizaji wetu, mawakala wa forodha na wenye malori siku hizi hupeana oda, ankara na orodha za mizigo kwa mafaili yanayopangwa foleni kwenye seva na kutumwa yenyewe usiku. Jambo zuri. Ubaya ni kwamba fedha zote huenda kwenye programu ya kutuma, na foleni inaachiwa ijitunze.

Tazama tatizo linavyoanza. Programu ya mauzo bado inaandika ankara, mtumaji, yaani ile programu ya kutuma, anapita, analiona faili, analibeba. Upande wa pili wanapata nusu ya mistari, na SFTP, njia inayosafirisha mafaili kati ya seva, hailalamiki, maana ilichopewa imekifikisha chote. Dawa yake ni bure: faili liandikwe kwa jina la muda linaloishia na .tmp, likikamilika ndipo libadilishwe jina, na mtumaji akatazwe kugusa .tmp. Mafundi wanalijua hili vizuri, ila utawakuta wameweka "subiri dakika tano". Dakika tano hutosha siku zote isipokuwa mwisho wa mwezi, ankara zinapojaa.

Halafu kila mshirika awe na foleni yake. Seva ya mmoja ikizima, mtumaji anajaribu na kungoja, na nyuma yake mafaili ya wasiohusika yamepanga mstari kama malori kwenye mpaka wa Malaba.

Ndani ya foleni ya mshirika mmoja, lakini, mpangilio usichezewe. Januari 2021 serikali ya Uganda ilizima intaneti nchi nzima tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, ikarudi tarehe 18. Foleni iliyopangwa kujaribu mara tatu kisha kulitupa faili kwenye folda ya makosa haiwezi kuvuka siku kama zile. Intaneti ikirudi, yenyewe haina cha kutuma. Na ile iliyohifadhi kila kitu inaweza kuleta balaa jingine ikiwa inatuma kwa alfabeti. "Batilisha" inatangulia "oda". Mfumo wa mshirika unaambiwa ufute oda usiyoijua, unakataa. Dakika moja baadaye oda yenyewe inaingia, inapokelewa kwa heshima zote, na mzigo usiotakiwa unapakiwa. Namba ya mfuatano kwenye jina la faili ingemaliza ugomvi huo.

Kubwa kwangu ni stakabadhi. AS2, njia nyingine ya kupeana hati za biashara kwa intaneti, iliyochapishwa mwaka 2005 katika waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 4130, inamwezesha mtumaji kudai stakabadhi yenye saini, na ndani yake alama iliyokokotolewa kutokana na kile mpokeaji alichopata. Mtumaji anailinganisha na yake. SFTP haina kitu hicho, kwa hiyo mkubaliane: mpokeaji arudishe kafaili kadogo chenye jina la faili na idadi ya mistari aliyoisoma. Mpaka kirudi, faili libaki kwenye foleni likiwa na hali ya "limetumwa, halijathibitishwa", na kuwe na mtu wa kuliuliza asubuhi.

Stakabadhi nayo hupotea njiani, ukatuma mara ya pili. Mpokeaji asipokagua namba ya ankara, atailipa mara mbili, na mhasibu wake hatakuwa na furaha. Kampuni kubwa hukujibu kwamba mfumo wao "haujawekewa hiyo". Mimi mshirika wa namna hiyo nampangia ankara chache kwa siku, na kila moja naifuatilia kwa simu hadi watu wake wa malipo wachoke na kwenda wenyewe kuwagongea mlango mafundi wao.