Sabufa Ilipona, Kompyuta Ikafa

Shangazi yangu ana steshenari Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zenye namba badala ya majina. Kazi zake ni zile zile: kutoa kopi, kuchapa barua za maombi, kupiga vyeti lamineshi, kuchaji simu za watu. Kompyuta ni moja. Mimi ndiye injinia wake, cheo nilichopewa siku niliporudi kutoka chuoni Dar nikiwa na begi la nyaya.

Umeme ulipokatika mara ya tatu katikati ya ripoti ya mwanachuo mmoja, na yule binti akalia pale pale kaunta mpaka wateja wakadhani kuna msiba, shangazi alikwenda mjini akarudi na UPS. Boksi jeusi, zito kama tofali, VA 650, ndani yake betri moja ya volti 12 kama zile za king'ora cha getini.

"Haya, baba. Hii inatunza umeme. Ifunge."

Kuifunga ni kuchomeka tu, mtoto wa darasa la pili anaweza. Lakini nyuma ya lile boksi niliona tundu la USB, na hapo ndipo shetani aliponipitia. Betri ile ingeishikilia kompyuta dakika nane au tisa, basi. Ikiisha, mashine inakufa kifo kile kile, umeichelewesha tu. Kumbe ukiunganisha waya wa USB na ukaweka draiva, kompyuta inaongea na UPS: umeme ukikatika inajua, betri ikikaribia kuisha inajizima yenyewe kwa heshima zake. Kompyuta yetu inatumia Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux badala ya Windows, na huko kuna programu ya kazi hiyo hiyo, inaitwa NUT.

"Nati?" shangazi akauliza. "Ile ya boliti?"

"Kwa Kiingereza ni nati, shangazi, na pia ni jamii ya karanga."

"Mradi isizime," akasema, akaendelea kukata kadi.

Siku ya kwanza niliishia patupu. Faili la mwanzo lina mstari unaosema MODE=none, maana yake programu ipo lakini imekatazwa kufanya lolote, na mimi nilikaa saa nzima nikiilaumu kwa uvivu. Siku ya pili nikaandika draiva ya usbhid-ups kwa sababu ndiyo kila mtu anayoitaja. Ikanijibu kwamba haioni UPS yoyote ya aina hiyo. Nikaamuru lsusb inipe orodha ya vilivyochomekwa, nikaona 0665:5161, namba ya kile kibadilishi wanachokitia kwenye UPS nyingi za bei nafuu. Hizo zinataka draiva ya nutdrv_qx. Nikabadilisha, ikagoma tena, safari hii kwa sababu ya ruhusa. Dawa ilikuwa kuchomoa waya na kuuchomeka upya. Siku tatu, nyumba nzima inanisikia nikisonya usiku, na dawa ni kuchomoa na kuchomeka.

Lakini ilipokubali! Niliandika upsc na jina la UPS, yakashuka maneno kama mvua ya masika. Betri volti 13.6. Umeme unaoingia volti 198, wakati tunastahili 230, nikaelewa kwa nini friji ya jirani inaguna. Mzigo, ups.load, asilimia 31. Hali: OL, yaani umeme upo. Umeme ukikatika inakuwa OB, betri ikichoka inaongezeka LB, na hapo ndipo kompyuta inapopewa amri ya kuaga dunia. Nilimweleza shangazi yote haya. Nilimweleza na muuza maji aliyekuwa anapita.

Wiki iliyofuata nikataka kufanya mazoezi ya mazishi. Kabla ya kuanza nikaangalia tena zile namba, nikakuta mzigo umeshuka kutoka 31 hadi 9. Nikafurahi! Nikajiambia, unaona, Linux ukishaizoea inatulia, hata umeme haili. Nikapiga picha ya skrini nikaituma kwenye kundi letu la wasap la chuo.

Sasa, njia ya kweli ya kujaribu ni kuchomoa plagi ya UPS ukutani na kusubiri. Mimi niliona hiyo ni njia ya washamba. NUT ina amri yake, upsmon -c fsd, unayojifanya nayo kwamba betri imeisha, na mfumo wote unafuata taratibu kama kweli: kompyuta inafunga programu, inazima, halafu nusu dakika baadaye UPS yenyewe inakata umeme kwenye matundu yake, na baada ya dakika tatu inaurudisha. Ilikuwa alasiri. Nikapiga amri. Skrini ikaandika yake, kompyuta ikazima taratibu kama bibi harusi anavyoketi. Nikapiga makofi.

Muda huo huo adhana ikaanza msikitini, na sabufa ya shangazi, ambayo huimba taarabu kuanzia asubuhi, zile za zamani za Black Star, ikanyamaza. Ustaarabu wa kawaida, redio inazimwa watu waitikie adhana. Adhana ilipokwisha, sabufa ikarudi. Mimi nilidhani shangazi ndiye aliyeizima. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba yeye alidhani ni mimi, na moyoni akamshukuru Mungu kwamba chuo hakijaniharibu.

Nikawasha kompyuta kwa kidole changu, nikatangaza kazi imekwisha. Na kuanzia siku hiyo, nawaambieni ukweli, niliacha kuhifadhi. Ile tabia ya kubonyeza Ctrl na S kila sentensi mbili niliiona ni woga wa watu wasio na NUT.

Jumamosi moja akaja mzee wa makamo, katibu wa kamati ya harusi. Nikampa shikamoo, akaitika, akatoa mfuko wa rambo uliojaa vikaratasi. Kwenye kikao cha mwisho kila mjumbe alikuwa ameandika ahadi yake kwenye kikaratasi chake, robo ya ukurasa wa daftari: jina, kiasi, ametoa au bado. Alitaka orodha safi, majina yote 118, akaibandike. Shabaha yake ilikuwa wale wa "bado".

Tukaanza. Yeye anasoma, mimi nachapa. Mlangoni alikuwa amesimama kijana muuza karanga, sinia kichwani, anasikiliza taarabu. Mzee kila akimaliza kikaratasi anatafuta pa kukitupa. Kijana akaona, akasema, "Mzee, nipe mie, nimeishiwa za kufungia." Mzee akaona ni jambo la kheri. Basi ikawa anasoma, nachapa, anampa kijana, kijana anasokota pembe, anatia karanga, anakunja juu. Mzee akapewa pembe moja bure kwa ukarimu wake. Mtambo ulikuwa unakwenda vizuri kuliko ofisi nyingi za serikali.

Jina la 118 lilikuwa limeingia, namtafutia mzee aina ya herufi anayoipenda, mara skrini, giza. Kompyuta, kimya. Hata ile feni yake ya ndani inayokoroma, kimya.

Sabufa inaimba.

Sote tukaigeukia. Mwanamke ndani ya sabufa alikuwa anamlalamikia mumewe kwa utulivu kabisa. Chini ya meza, UPS ikatoa mlio mmoja, tii, ikanyamaza, ikatoa tena, tii.

"Umeme umekatika?" mzee akauliza.

"Umekatika wapi," shangazi akasema, "husikii redio?"

Hoja haikuwa na jibu. Kulikuwa mchana kweupe, hakuna taa iliyowashwa, na feni ya dari ilikufa tangu Ramadhani. Kama sabufa inaimba, umeme upo. Kwa hiyo iliyokufa ni kompyuta. Nikaitoa bisibisi.

Nikafungua ubavu wa kompyuta. Nikachomoa RAM, nikaisugua meno yake kwa kifutio cha penseli kama mafundi wote wa Tanga wanavyofanya, nikaipuliza, nikairudisha. Kimya. Nikanusa pawasaplai. Nikamwambia mzee, kwa sauti ya daktari anayetoka chumba cha upasuaji, kwamba pawasaplai imeungua.

"Na skrini?" shangazi akauliza. "Mbona nayo haina taa?"

"Imeungua nayo."

"Kwa wakati mmoja."

"Inatokea, shangazi."

"Kama mapacha," akasema.

Ule mlio wa UPS ulinisumbua, tii, tii, katikati ya taarabu, nikaieleza hadhira kwamba inajifanyia majaribio. Dakika zikaenda, zaidi ya arobaini. Mpaka akaingia mwanafunzi anataka kopi ya cheti cha kuzaliwa. Shangazi akabonyeza mashine ya kopi. Haikuamka.

"Na hii," akasema, akinitazama mimi na si mashine, "nayo imeungua?"

Hapo hapo UPS ikaacha ule mlio wa taratibu ikaanza kulia mfululizo, mwanamke wa kwenye sabufa akakatwa katikati ya neno, na duka zima likawa kimya. Ng'ambo ya barabara mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma. Mtaa mzima ulikuwa na umeme. Shangazi akatembea mpaka ukutani, akainua kalenda iliyoning'inizwa juu ya kidude cha LUKU. Yuniti sifuri.

Nikaingia chini ya meza. Pale palikuwa na ekstensheni mbili nyeupe, zinafanana kama wale mapacha aliowataja shangazi. Ya sabufa na chaja za simu ilikuwa imechomekwa kwenye UPS. Ya kompyuta ilikuwa imechomekwa ukutani. Waya wa USB ulikuwa mahali pake, umekaza. Yaani kompyuta ilikuwa inapata habari zote za UPS, volti, mzigo, hali, kila kitu isipokuwa umeme.

"Shangazi, hizi nani kazibadilisha?"

"Mimi," akasema bila hata kuinama. "Tundu la ukutani linacheza, redio ikawa inakatakata. La kimashine chako limeshika vizuri. Nawe si ulisema kinatunza?"

Nikakumbuka ile asilimia 9. Nikaikumbuka ile adhana. Nikakumbuka na picha niliyoituma kwenye kundi.

Tukanunua umeme kwa simu, nikabonyeza tarakimu zote 20 huku mzee akinihesabia. Kompyuta ikawaka, pawasaplai nzima, RAM safi kuliko zamani. LibreOffice, Mungu aijalie, huwa inajiwekea akiba yake kila dakika kumi, ikaturudishia majina 95. Yamepungua 23 ya mwisho.

"Ingekuwa imechomekwa vizuri," mzee akauliza polepole, "ikajizima yenyewe kwa hizo taratibu zako, majina yangekuwepo?"

Mwanafunzi wa kopi naye akasubiri jibu. Ukweli ni kwamba NUT inazima mashine, haikuhifadhii barua. Nilijifanya natafuta bisibisi.

"Tusome tena," nikasema. "Vikaratasi viko wapi?"

Mzee akatazama mfuko wake wa rambo. Shangazi akatazama mlangoni. Kijana alishaondoka.

Tulimkuta barabara ya pili, sinia lake limepungua. Nikanunua pembe zote zilizobaki, nikazifungua moja moja juu ya boneti ya gari la mtu, karanga zikajaa mifuko yangu yote miwili. Kumi na nne zilikuwa zetu. Nyingine alizifunga kwa mtihani wa hesabu wa darasa la sita. Watoto wa madrasa walikuwa na tano, wakakubali kutoa karatasi kwa masharti ya kujaziwa karanga nyingine, mzigo ambao kwa wakati huo nilikuwa nao. Zikabaki nne. Kijana akakuna kichwa akasema, "Hizo niliwauzia wazee wa kahawa."

Barazani walikuwa wamekaa wanne, kila mmoja na kikombe chake na pembe yake. Katibu akawasalimia, akaeleza shida. Watatu wakamimina karanga kiganjani wakatoa karatasi bila neno. Wa nne akakunjua yake taratibu. Akavaa miwani. Akasoma, akakaa nayo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma jina moja na tarakimu tano. Kisha akaimalizia ile chembe ya mwisho ya karanga, akainama mbele, akaisukuma karatasi chini ya birika la kahawa, kwenye makaa.

"Tamu," akasema. "Ila chumvi imezidi kidogo."