Mwacheni John Johnson na Fanicha za Mama Yake

Ile video imerudi tena kwenye magrupu. Mhamasishaji kavaa suti ya kubana, anapaza sauti hadi mishipa inamtoka: John H. Johnson aliweka rehani fanicha za mama yake, akakopa dola 500, na mwaka 1982 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuingia orodha ya matajiri 400 ya jarida la Forbes. Thubutu! Makofi. Mtu ajenge majarida ya Ebony na Jet, halafu sisi tubaki na makochi.

Ndiyo, fanicha ziliwekwa rehani, Chicago, 1942, na benki ilikuwa imeshamkatalia kwa sababu ya rangi yake. Lakini waulizeni hao wapiga makofi: zile dola 500 zilikwenda wapi? Zilinunua stempu! Johnson alikuwa mfanyakazi wa Supreme Liberty Life, kampuni ya bima ya watu weusi, na bosi wake, Harry Pace, akamruhusu kutumia orodha ya wateja, majina kama 20,000. Akawaandikia: tuma dola 2 sasa, upate jarida ambalo bado halijachapwa. Watu kama 3,000 wakatuma. Piga hesabu mwenyewe. Hizo dola 6,000 ndizo zilizoizaa Negro Digest, jarida lake la kwanza. Yaani mtaji wake ulikuwa anwani za watu waliokwisha kuzoea kutoa hela zao kwa kampuni ya mweusi mwenzao. Hilo huwezi kulipigia kelele jukwaani, maana kazi yake ni kukaa chini na kubandika stempu.

Na hata baada ya kuchapa, msambazaji, Joseph Levy, akamwambia majarida ya weusi hayauziki. Johnson akawatuma marafiki wapite kwenye vibanda vya magazeti wakiulizia Negro Digest, na nakala zilipofika akawapa hela wazinunue. Ujanja mtupu. Naupenda sana.

Ebony ikaja Novemba 1945, na hapo tatizo likawa matangazo. Mkuu wa Zenith, kampuni ya redio, Eugene McDonald, alikuwa amewahi kusafiri Aktiki, kule kwenye barafu ya kaskazini, basi Johnson akaenda kumwona na kitabu kilichosainiwa na Matthew Henson, yule mweusi aliyeandamana na mvumbuzi Robert Peary kuelekea Ncha ya Kaskazini. Akatoka na tangazo.

Wasomi wetu hukunja pua: Ebony ilijaa magari ya kifahari na harusi za mastaa. Sawa. Ilikuwa na matangazo ya krimu za kujichubua pia, na hilo simtetei. Lakini Septemba 1955 Jet ilichapa picha ya uso wa Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi, kwa kuwa mama yake, Mamie, alitaka dunia ione walichomfanyia mwanawe. Magazeti makubwa ya wazungu hayakuichapa. Jarida linaloishi kwa huruma ya wafadhili, si kwa hela za wasomaji na matangazo yake, lingeitisha kikao kwanza, na posho ya kikao juu.



Johnson alifariki 2005. Mwaka 2016 majarida yakauzwa. 2017 waandishi wa kujitegemea wakawa wanadai malipo yao Ebony hadharani. Mwaka 2019 Johnson Publishing ikafilisika, na hazina yake ya picha zaidi ya milioni 4 ikanunuliwa na taasisi nne za hisani kwa dola milioni 30. Wanasema wasomaji walihama. Walihamia wapi, mwezini? Bado wanasoma, wanatazama na kununua kila siku. Kilichohama ni orodha ya wasomaji. Sasa ipo kwa Facebook na Google, na mwenye jarida analipa kodi ili afikiwe na wasomaji wake mwenyewe.